Kipimo cha Ndama

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Gidahoda katika uwanda wa Masakta. Nilikwenda na gari langu mwenyewe, na nalitaja hilo kwa sababu mara ya kwanza kufika kwenye boma lile nilikwenda kwa miguu, viatu nimevishika mkononi visichakae kwa mawe. Nina maduka mawili ya pembejeo, moja Katesh na jingine Dongobesh. Nina nyumba ya vigae kule Gitting inayotazama mlima Hanang, na sikurithi hata jembe. Vyote hivyo nimevitoa kwenye stashahada yangu ya mifugo na kwenye mikono yangu. Niliwaamkia wazee shikamoo mmoja baada ya mwingine, nao wakaitikia na kuniita Bwana Mifugo, jina ambalo marehemu ndiye aliyenipa. Nikapewa kigoda, nikapewa maziwa kwenye kibuyu. Nilipoinua macho nikamwona Gwandu, mwana wa marehemu, amesimama kwenye lango la zizi. Miaka mitatu tulikuwa hatujaonana. Ukiacha mimi na suti yangu, wengine wote pale walikuwa wamevaa kaptula au shuka iliyoishia magotini, maana jua lilikuwa kali. Gwandu peke yake alivaa suruali ndefu, na soksi. Nilizitazama zile soksi kwa muda mrefu kuliko nilivyomtazama usoni, na mwaka ule ukaanza kunirudia, mwaka nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nimerudi Katesh na stashahada yangu ndani ya bahasha ya kaki, nikiamini hakuna kiumbe anayekula na kunywa ambaye mimi siwezi kumnenepesha.

Nilipanga ghala la zamani la ngano, hatua chache kutoka barabara ya kwenda Singida. Lilikuwa na bati lililotoboka sehemu mbili, na mvua ikinyesha tulijua pa kusimama. Ndani kulikuwa na harufu ya ngano iliyochacha, grisi na panya. Vyuma vya kununua sikuwa navyo, nikatumia akili. Niliokota sahani za haro za matrekta yaliyokufa, zile sahani za chuma zinazokata udongo, nikamwambia fundi wa kuchomelea azinyooshe kingo zisitukate, kisha tukazipachika kwenye ekseli ya trela. Benchi lilikuwa mbao mbili zilizofungwa gunia. Ukutani nilibandika nakala ya stashahada yangu, juu ya kioo cha kabati chenye ufa, ili kila kijana anayejitazama kifua aione. Katika wilaya nzima hapakuwa na jimu nyingine ambayo mwenyewe amesomea miili, hata kama miili niliyosomea ilikuwa na kwato. Asubuhi nilifanya kazi mnadani, kwenye mizani ya ng'ombe. Alasiri nilikuwa mwalimu wa vyuma.

Gwandu aliingia ghalani siku ya mnada, amewaacha ng'ombe wa baba yake kwa ndugu zake, fimbo mabegani, mikono imening'inia juu yake. Alizunguka vile vyuma kama mtu anayekagua fahali wa jirani.

"Hizi si sahani za jembe la trekta?"

"Ni vyuma vya mazoezi," nikamwambia.

"Kwa hiyo hapa mnalima hewa."

Vijana wakacheka. Nikamwambia kama hewa ni laini, ajaribu kuilima. Aliweka fimbo chini, akainama bila kupasha mwili moto, akainua ekseli yenye sahani kumi ambayo mimi niliisogeza kwa shida, akaishikilia juu, akaniuliza kama aishushe au aendelee kuwa mti. Niliiona mara moja, maana jicho langu halikosei: mifupa mipana, mgongo mrefu, hakuna mafuta hata kidogo. Nikajua huyu ndiye nitakayempeleka kwenye mashindano ya kunyanyua vyuma Babati mwezi wa tisa, asimame juu ya jukwaa, na watu waulize nani kamtengeneza.

Miezi minne ya kwanza tulifanya kazi safi. Nje ya ghala palikuwa na kibanda cha Mama Neema, mwanamke wa Kiiraqw mwenye sauti nzito, aliyepika maharage na ugali katika sufuria mbili zilizoungua hadi zikawa na rangi moja. Gwandu alikula pale kila alasiri. Nilimwekea utaratibu: maharage sahani mbili, mayai manne, na maziwa aliyokuja nayo mwenyewe kutoka nyumbani kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa mkaa, yenye ladha ya moshi. Baada ya hapo alilala kwenye magunia saa nzima. Mama Neema alikuwa akimtazama na kusema, "Huyu akimaliza mayai atakula kuku, akimaliza kuku nifunge mlango." Gwandu alimjibu, "Mama, wewe sikuli, una mifupa mingi." Sahani kumi za chuma zikawa kumi na nne, zikawa kumi na sita. Leo, kwa elimu niliyo nayo, najua hapakuwa na siri yoyote. Kijana aliyelelewa na maziwa, anayekula maharage, anayebeba uzito kila siku ya pili na kulala vizuri, hana anachopungukiwa ambacho kopo linaweza kumpa. Lakini kazi inayofanywa na maharage haina mtu wa kuisifia. Nani angesema maharage yale yana stashahada?

Mwezi wa tano wa mazoezi yetu nilikwenda Arusha kuchukua dawa za minyoo za kondoo. Mtu mmoja aliyenijua kama mwalimu wa vyuma akanipeleka chumba cha nyuma ya duka la viatu, pasipo na dirisha. Muuzaji alikuwa na shingo nene kuliko kichwa. Mezani palikuwa na makopo meupe ambayo maandishi yake yalikuwa ya lugha ambayo sikuijua hata herufi zake. Nikamuuliza kama ule unga unajenga mwili kweli. Akasema, "Unaniangalia, halafu unaniuliza?" Kuna mtu mwingine alikuwa ameketi kwenye kona, amevimba vizuri mikono na kifua, na muda wote niliokuwa mle alikuwa akikuna goti polepole na kupumua kwa mdomo. Nilimwona. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilimwona na bado nikanunua makopo matatu.

Ghalani vijana walizunguka kopo la kwanza kama kuku kwenye punje. Mmoja akaniuliza pameandikwa nini. Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi. Badala yake nikasema, "Haya mambo nimeyasoma miaka mitatu. Ni protini na madini." Ndani ya kopo hapakuwa na kijiko cha kupimia. Basi nikafungua daftari langu la chuo, kwenye jedwali la madini ya ndama, ambako kiasi hutegemea uzito wa mnyama: kila kilo ina haki yake, na mnyama akiongezeka uzito, kipimo nacho kinaongezeka. Nilipiga hesabu kwa uzito wa Gwandu mbele yao wote, nikapigia mstari jibu. Hakuna aliyecheka. Sisi ni watu wa ng'ombe. Kumpa kiumbe dawa kwa uzito wake ni jambo ambalo kila mtoto wa Hanang ameliona baba yake akilifanya, na lilisikika kuwa la busara. Mimi pia nilianza kunywa, siku ile ile, kutoka kopo lile lile.

Kwa sababu kipimo kilitegemea uzito, ilibidi tupime, na mizani niliyokuwa nayo ilikuwa ya ng'ombe pale mnadani. Kabla biashara haijachanganya, Gwandu alipita kwenye njia ya mbao kama fahali, akasimama katikati ya chuma, nami nikasoma namba kwa sauti. Watu walisogea kutazama. Wachuuzi walipiga makofi, wakatania wakitaja bei. Mmoja akauliza, "Huyu ana chanjo?" Gwandu akamjibu, "Ninayo, ila nauma." Mnada wa kwanza baada ya kopo alikuwa ameongezeka kilo nne. Nikaongeza unga. Mnada uliofuata, nyingine tano. Nikaongeza tena. Mashavu yake yalijaa, mikono ikawa ya duara, na mishipa niliyoijua kwenye vigasha ilizama isionekane. Nilimsimamisha mbele ya kioo chenye ufa, nikamwambia ajitazame. "Diploma," akasema, maana ndivyo alivyoniita, "nimekuwa watu wawili." Alitabasamu, lakini macho yalikuwa yamebanwa na nyama.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo wenyeji wa mnada wanalijua. Muuzaji mjanja humlambisha ng'ombe chumvi nyingi siku moja kabla, kisha humpeleka mtoni asubuhi. Ng'ombe hunywa bila kukoma, na akifika mnadani tumbo limejaa, ngozi imevutika, mizani inaimba. Mnunuzi mshamba hulipia maji bei ya nyama. Mwaka ule mimi ndiye niliyekuwa kiboko cha watu hao. Nilimtazama ng'ombe jicho, nikamgusa chini ya taya, nikabonyeza ngozi, nikasema huyu arudishwe, ni wa chumvi. Nilijulikana hadi Mbulu kwamba mbele yangu maji hayauzwi. Na kila mnada, baada ya kuwarudisha ng'ombe wa chumvi, nilimpandisha rafiki yangu kwenye mizani ile ile na kufurahia namba.

Siku ya kumi na moja niliacha kunywa ule unga. Niliamka nikakuta pete haivuki kwenye kifundo cha kidole, na kichwa kinagonga kama fundi bati. Sikumwambia mtu. Kwa siku kadhaa nilikoroga unga wa ngano kwenye maji nikanywa mbele yao, ili waone mwalimu naye yumo. Gwandu nilimwacha aendelee. Nilijiambia kwamba yeye ni mkubwa kuliko mimi na mwili wake unauweza, kwamba Babati imebaki wiki sita tu. Hilo ni jambo ambalo kwa miaka yote sikuliandika wala kulisema, na sijui nilihesabu vipi hadi nikaona kwamba dawa inayonishinda mimi ni chakula kwake.

Mama Neema alijua kabla yetu. Nilikuwa nimeegemea ukuta wa mabati nyuma ya kibanda chake, nikasikia akiongea na mwenzake anayeuza vitunguu saumu.

"Anazidi kuwa mkubwa, ila jana nimemwomba aniletee kuni kutoka pale barabarani, amepumzika mara tatu."

"Si ndiyo yule anayebeba sahani kumi na sita?"

"Alikuwa anabeba. Sasa hivi kumi na mbili zinamtoa jasho. Na hali tena. Anakunywa maji tu."

"Maji?"

"Maji. Anakunywa kama ng'ombe wa mnada."

Yule wa vitunguu akacheka. Mama Neema hakucheka. Nilisimama pale, mgongo kwenye bati lenye joto la jua, nikayasikia maneno yote, kisha nikaingia ghalani na kumwambia Gwandu kwamba kushuka kwa nguvu ni dalili ya misuli mipya kujipanga. Ndiyo maneno niliyotumia.

Wiki mbili kabla ya mashindano nikaamua kumpeleka kwao, wazee waone kijana wao alivyotengenezwa. Tulifika bomani asubuhi, kabla ng'ombe hawajafunguliwa. Nakumbuka chumba cha mama yake, kuta za udongo laini kama ngozi, moshi, vibuyu vimepangwa kwa ukubwa. Mama yake alimwekea maziwa. Gwandu alishika kibuyu akakiweka chini, hakunywa. Mama alitoka nje. Baadaye kidogo Mzee Gidahoda akaingia, mtu mrefu mwenye shuka nyeusi. Tukamwamkia. Aliitikia, kisha akamwambia mwanawe atoke nje, kwenye mwanga.

Alimzunguka mara moja, polepole. Akamshika chini ya taya. Akachuchumaa, akaweka kidole gumba kwenye mfupa wa mguu, juu kidogo ya kifundo, akabonyeza kwa nguvu, akaondoa. Shimo lilibaki. Kidole kizima kingelala mle. Mzee akaanza kutaja majina ya ng'ombe wake kwa sauti ya chini, kama wanavyotaja wakati wa kuwahesabu: yule mweusi wa baka, yule wa pembe moja, yule wa rangi ya majivu. Alitaja hadi wa nane, na shimo lilikuwa bado pale. Ndipo akanigeukia.

"Bwana Mifugo. Huyu ungemnunua?"

Nikaanza kumweleza habari ya misuli kwa maneno ya chuoni. Akanikatiza.

"Nakuuliza kwa sababu wewe ndiye unayewarudisha ng'ombe za watu," akasema. "Huyu ungemrudisha au ungempitisha?"

"Baba, ni mazoezi," Gwandu akasema, akijaribu kucheka.

"Nyamaza. Nimemuuliza msomi."

"Ningemrudisha," nikasema.

Mzee akatikisa kichwa, akaenda kufungua ng'ombe. Hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia.

Siku hiyo hiyo tulimpeleka hospitali, upande wa Mbulu. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa na povu juu. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, mwenye kalamu mbili mfukoni. Akaomba kuona alichokuwa anakunywa. Nikampa kopo.

"Umesoma hapa?" akauliza.

"Nimesoma chuo cha mifugo, miaka mitatu."

"Nauliza umesoma hapa," akasema, akigonga maandishi kwa ukucha.

Hakujua kilichokuwa mle, na akasema wazi kwamba hajui, kwamba huenda hata aliyekijaza hajui. Inawezekana ulikuwa unga wa maziwa uliochanganywa na dawa ya kuvimbisha. Inawezekana kilichomwangusha ni wingi, ule niliokuwa nikiuongeza kila mizani iliposoma juu. Kadiri maji yalivyomjaa ndivyo alivyozidi kuwa mzito, na kadiri alivyozidi kuwa mzito ndivyo nilivyozidi kumpa. Jedwali la ndama halikukosea hesabu hata mara moja. Alilazwa karibu miezi miwili. Maji yalipoanza kutoka nilimtembelea kila Jumapili, na kila Jumapili palikuwa na mtu mdogo zaidi kitandani, hadi siku moja nikasita mlangoni nikidhani nimekosea wodi. Wakati wa kuruhusiwa daktari alimwambia figo zimerudi kazini, lakini zimejeruhiwa, na jeraha la namna hiyo huweza kulala miaka kisha likaamka. Aiepuke chumvi. Auangalie mguu.

Mguu uliangaliwa na baba yake. Kila asubuhi, kabla ya kufungua zizi, mzee alibonyeza pale pale na kutaja ng'ombe watatu. Shimo likijaa kabla ya wa tatu, Gwandu alikwenda malishoni. Lisipojaa, alibaki nyumbani na kupelekwa kwa daktari. Alifanya hivyo asubuhi zote alizokuwa hai, na Gwandu akaoa, akapata watoto, akazeeka kidogo, huku akiinua mguu kila kukicha kama farasi kwa fundi wa kwato.

Siku hizi vijana huja dukani kwangu Katesh na simu zao, wananionyesha makopo, wananiuliza, "Mzee, hii kitu inasaidia?" Wanajua nilikuwa mtu wa vyuma. Nawajibu kwa kadiri ninavyojua, na najua kuliko wengi. Unga wa protini ulio halali ni chakula kilichokaushwa, utamsaidia asiyepata mayai na maharage, hautamwongezea kitu anayevipata. Ipo pia poda nyingine inayoongeza nguvu kidogo kwa wengine, na sehemu ya uzito inaouleta ni maji. Kinachobaki ni kuamini kwamba aliyejaza kopo ni mwaminifu, na mimi sina tena imani hiyo. Wengine hunisikiliza. Wengine hutazama mikono yangu, ambayo bado ni minene, na kudhani nawaficha siri.

Msibani nilingoja watu wapungue, nikamfuata Gwandu kwenye lango la zizi. Nilikuwa nimeamua. Nikamwambia habari ya siku ya kumi na moja, na ya unga wa ngano.

"Najua," akasema. "Mzee aliniambia siku ile uliponileta nyumbani. Alisema, mwenzako uso wake umepungua, wako umejaa, na mnakula pamoja."

"Na hukuniuliza miaka yote hii?"

"Ningekuuliza nini, Diploma? Ulikuja hospitali kila Jumapili."

Ng'ombe walikuwa bado zizini, wakilia, maana tangu mzee afariki hakuna aliyewafungua kwa wakati. Gwandu akaegemea nguzo, akavuta suruali, akashusha soksi. Mpira wa soksi ulikuwa umechora mfereji kuzunguka mguu mzima.

"Mzee hayupo," akasema. "Bonyeza wewe."

Nilichuchumaa na suti yangu kwenye samadi. Nikaweka kidole gumba pale juu ya kifundo, nikabonyeza, nikaondoa. Nikaanza kutaja, kwa sauti ya chini kama nilivyomsikia mzee: yule mweusi wa baka. Yule wa pembe moja. Yule wa rangi ya majivu. Shimo lilikuwa bado pale.

"Endelea kutaja," Gwandu akasema. Alikuwa akitazama mlima.

Niliinua macho kutafuta mwingine ndani ya zizi. Walikuwa wengi, wa mzao mpya, wananitazama kwa juu ya miiba, na sikumjua jina hata mmoja.